Boti ya Pemba si hukumu: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Unguja na Pemba

Kwa baba zetu maaskofu, mapadri, wachungaji, wainjilisti, makatekista na wazee wa makanisa,

Shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wale tunaosalimiana kwa namna nyingine, Bwana Yesu asifiwe.

Anayewaandikia ni mama wa makamo, mkaazi wa Unguja, mwalimu wa watoto wa Jumapili kwa miaka mingi na mwanakwaya. Kanisa langu silitaji, wala dhehebu langu. Nikilitaja tu, makanisa mengine yote yatashusha pumzi na kusema "kumbe ni wale". Jambo hili, la watumishi wanaowadhalilisha watoto kisha wakahamishwa, si la wale peke yao.

Nianze na wimbo, maana ndio unaoniamsha usiku.

Jumapili moja, miaka mingi iliyopita, tulimuaga mtumishi wetu baada ya ibada. Viti vya plastiki vilipangwa uani chini ya mwembe, pilau ikapakuliwa, akina mama wakamfunga mkewe kitenge kipya, na yeye akakabidhiwa saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta. Mzee mmoja akasoma risala: mtumishi wetu anakwenda kuwahudumia ndugu zetu wa Pemba, Mungu amtangulie. Kwaya tukainuka tukaimba. Nami niliimba. Nilisimama safu ya mbele na sare yangu, nikapiga makofi, na sauti haikukwama.

Wiki tatu kabla ya pilau ile, mama mmoja alibisha hodi kwangu baada ya isha. Alikuwa amejitanda kanga mpaka puani, na mkononi ana kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na nguo za mwanawe, msichana wa miaka 13, mwanafunzi wangu wa Jumapili. Zilikuwa zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa vizuri kama za kwenda safari. "Nimezifua mara mbili, mwalimu," aliniambia. Ncha za vidole vyake zilikuwa bado zimekunjamana kwa maji na sabuni. Alidhani anamsafisha mwanawe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nguo zile, vile zilivyokuwa kabla ya kutiwa majini, zilikuwa ndio shahidi wa mtoto.

Alichofanyiwa mtoto yule ofisini kwa mtumishi wetu, baada ya mazoezi ya kwaya, sitakieleza. Sheria ya Zanzibar inalo jina lake na inayo adhabu yake.

Nikafanya nilichofunzwa: nikawapeleka kwa wazee. Walikuwa wanaume watano, mmoja wao rafiki wa chanda na pete wa aliyeshitakiwa. Mtoto alisimamishwa katikati ya chumba. Akaambiwa aeleze. Akaulizwa kwa nini alibaki nyuma wenzake walipoondoka, na kwa nini hakupiga kelele. Alikuwa anachokonoa ukingo wa mkeka kwa kidole gumba cha mguu, ukindu mmoja ukatoka, kisha wa pili, na hakujibu. Wakaomba. Maombi yalikuwa marefu kuliko mahojiano. Kisha ikaletwa karatasi iliyoandikwa kwamba jambo limemalizwa kikanisa na pande zote zimesameheana, na mama akaandika jina lake pale chini kwa herufi kubwa, polepole, kama anayeandika mtihani.

Siku ya pili yake jirani yangu, bi mkubwa wa Kiislamu aliyenilelea wanangu, aliniuliza huku anaanika nguo: "Mwenzangu, huyo mtoto mmemfikisha hospitali ya Mnazi Mmoja?" Nikamjibu: "Wazee wanalishughulikia."

Jibu hilo ndilo ninalokuja kulitubia mbele yenu, na ndilo ninalowaomba mlikatae pindi mtakapolisikia kwa mtu mwingine. Siku zile nililitoa kwa nia njema kabisa, na lilimmaliza mtoto.

Baba zangu, mnajua kwamba visiwa hivi vina neno lake, muhali. Mtu huona muhali kumwambia mwenziwe kosa lake, huona muhali kwenda mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya mtu waliyekula naye futari au pilau ya Krismasi. Kila mwaka tunasikia kesi za udhalilishaji zinazokufa kwa sababu mashahidi wameona muhali, na familia zimekaa zikasuluhishana nyumbani. Serikali imepiga kelele juu ya muhali, jumuiya za wanawake zimepiga kelele, masheha wanaambiwa wasikubali sulhu. Mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kesi hizi. Hayo yote yakiendelea, ndani ya makanisa yetu muhali umevaa joho. Kumshitaki jirani ni muhali. Kumshitaki mtu aliyekubatizia mwanao, aliyemzika baba yako, anayekupa Meza ya Bwana, huo ni muhali juu ya muhali.

Na sisi tuna hofu nyingine ya kwetu peke yetu. Wakristo wa hapa ni wachache sana. Wengi tumetoka bara, au wazee wetu walitoka bara, na tumezoea kuishi kama wageni wenye adabu. Kwa hiyo likitokea jambo, mtu wa kwanza anayefikiriwa si mtoto. Neno la kwanza ni: watu watasemaje? Tutawapa wenzetu maneno. Nilimsikia mzee mmoja kwa masikio yangu akisema, funika kombe mwanaharamu apite. Nimeitafakari methali ile miaka yote hii. Tulipofunika kombe, aliyepita ni nani? Mkosaji alipita, akenda zake na saa ya ukutani. Aliyebaki chini ya kombe ni mtoto.

Hao wenzetu tunaowaogopa nao wana vilio vyao kwenye vyuo vya Kurani, na wapo mashekhe waliopanda mimbari wakasema bila kumung'unya maneno. Sijaona Uislamu wa mtu ukipungua kwa hilo. Yule bi mkubwa hakunicheka. Aliniuliza kuhusu hospitali.

Sasa nirudi kwenye boti, maana hapo ndipo penye mzizi.

Kwenye makanisa yetu uhamisho ndiyo hukumu. Mtumishi akilalamikiwa bara, huletwa Unguja. Akilalamikiwa Unguja, hupelekwa Pemba. Barua ya utambulisho inayomtangulia husema ni mtumishi mwaminifu mwenye wito. Hebu fikirini kule anakokwenda. Boti inaondoka Malindi, inafunga gati Mkoani, na kutoka hapo ni gari mpaka Chake Chake au Wete. Wakristo wa kule ni askari, walimu, wauguzi, watumishi wa serikali waliopangiwa kazi, na familia chache zilizokwishaota mizizi. Unaweza kuingia ibada ya Jumapili ukawahesabu wote kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Mtumishi ndiye mhubiri, ndiye mwalimu wa watoto, ndiye mshika funguo za jengo. Watoto wale hawana bibi wala shangazi karibu. Ukoo wote uko ng'ambo. Mama yuko zamu, baba yuko kambini, na mtu mzima anayeaminiwa kubaki nao ni huyo mliyemleta.

Mkimpeleka mtu wa namna hiyo pahala pa namna hiyo, mmemtoa kwenye macho mia mkampeleka kwenye macho kumi. Na yeye anapanda boti akiwa amejifunza jambo moja, kwamba akikosa, kanisa litamlipia nauli.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 2002, huko Boston nchini Marekani, gazeti la mji lilifichua namna mapadri waliolalamikiwa kwa kuwaharibu watoto walivyokuwa wakihamishwa parokia hadi parokia, na parokia mpya haiambiwi kitu. Desemba ya mwaka huo askofu mkuu wa mji ule, Kardinali Bernard Law, akajiuzulu. Waanglikana wana kisa kilicho karibu na sisi zaidi. Mwingereza mmoja, John Smyth, mwanasheria aliyekuwa pia msomaji wa ibada aliyeidhinishwa na kanisa, aliwapiga vijana wa kiume kikatili kwa kisingizio cha kuwakomaza kiroho. Mwaka 1982 wakubwa waliokuwa wakisimamia kambi za vijana wa Kikristo alikokuwa akiwapata waliandikiwa ripoti juu yake. Hawakwenda polisi. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na vijana wa Kiafrika wakaonja fimbo ile ile. Mmoja wao, wa miaka 16, alikutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea kambini mwaka 1992. Smyth mwenyewe alifariki Afrika Kusini mwaka 2018 bila kusimama mahakamani kwa aliyoyatenda. Novemba 2024, baada ya uchunguzi kutoka hadharani na kuonyesha kwamba walioumizwa ni zaidi ya 100, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu.

Soma tena mwendo wake: Uingereza, Zimbabwe, kisha Afrika Kusini. Kila alipokwenda palikuwa mbali zaidi na waliokuwa wanamjua. Hiyo ni boti yetu ya Mkoani, ila yao ilikuwa ndege.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: mtu aliyetuhumiwa asihamishwe. Asipewe kundi jingine, asipewe likizo ya masomo, asiagwe kwa pilau. Aondolewe kwenye huduma siku ile ile tuhuma zinapofika, akae nyumbani, asikutane na watoto, asimfuate aliyelalamika wala wazazi wake, na vyombo vya dola vifanye kazi yao. Kumsimamisha si kumhukumu. Kama hana hatia, uchunguzi wa kweli utamsafisha vizuri kuliko minong'ono itakayomfuata maisha yake yote, na kanisa lisimame hadharani kumrudishia heshima yake. Lakini kamati ya wazee watano na mkeka haiwezi kumsafisha mtu wala kumtia hatiani. Haina daktari, haina mpelelezi, haina hakimu.

Na barua za utambulisho zianze kusema kweli. Askofu au mwenyekiti anayepokea mtumishi kutoka bara ampigie simu aliyemtangulia kumsimamia, amuulize kwa maneno mapana: kuna mtoto, msichana, kijana au mwanamke yeyote aliyewahi kumlalamikia? Jibu liandikwe na litiwe sahihi. Tunadai cheti cha tabia njema cha polisi kwa mlinzi wa geti; hatuoni haya kutokukidai kwa mtu tunayemkabidhi watoto wetu?

Niseme pia juu ya maneno tunayotumia, maana yamewaumiza watu kama kitendo chenyewe. Tunasema mtumishi "ameanguka", "ameteleza", "ameshindwa na shetani". Mtu aliyeanguka ni wa kuhurumiwa, huinuliwa, hupanguswa vumbi. Na aliyeangukiwa je? Yeye tumemwita mzinifu mwenzake. Nimewaona wasichana waliopewa mimba na watu wa kanisa wakafungiwa Meza ya Bwana, wakakalishwa benchi la nyuma, wakaitwa mbele ya usharika kutubu, huku aliyewapa mimba yuko usharika mwingine anahubiri. Baba zangu, nani alimfungia nani? Mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011. Mtoto hazini na mchungaji. Mtoto anadhalilishwa. Kila msichana aliyetengwa namna hiyo anadaiwa samahani na kanisa lake, na itolewe pale pale mbele ya watu alipoaibishwa.

Na hata mwanamke mzima. Mjane aliyekwenda kuombewa usiku, mke aliyekwenda kushauriwa juu ya ndoa yake, mtawa ambaye maisha yake yote yako chini ya utii: hawa hawakukutana na mwanamume wa rika lao mtaani. Walikwenda kwa mtu mwenye funguo za mbinguni, kwa jinsi wanavyoamini wao. Kanisa Katoliki limelikubali hilo katika sheria yake yenyewe. Marekebisho ya sheria za adhabu yaliyoanza kutumika Desemba 8, 2021 yanamtia hatiani padri anayetumia mamlaka yake kumlazimisha mtu katika mambo haya. Tuache kuita "mahusiano".

Watoto wa kiume nao wasisahauliwe. Wao wananyamaza zaidi, kwa sababu wakisema wanapewa majina skuli mpaka wanaacha kusoma.

Najua mtaniletea Maandiko. Niliwahi kuletewa: msiwaguse masihi wa Bwana. Nilikwenda nikaisoma Zaburi ya 105 yote, taratibu. Wanaolindwa na maneno yale ni Ibrahimu na watu wake walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme. Mungu anamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Sisi tumeligeuza andiko tukamkinga mfalme dhidi ya mgeni. Waraka wa kwanza kwa Timotheo nao nimesomewa, ule unaosema mashtaka juu ya mzee yasipokewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Mstari unaofuata, unaosema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, haukusomwa siku ile.

Mtu ninayewaomba mumkumbuke ni kuhani Eli. Wanawe, makuhani, walikuwa wakilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema ya kukutania. Eli alisikia. Aliwasemesha kwa upole, akawaacha kazini. Kosa alilohesabiwa Eli si kwamba alizini. Ni kwamba alijua, na hakuwazuia.

Sasa siku ya kwanza. Hapa naomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza mkunga, maana dakika zina maana yake. Mtoto akisema, aaminiwe, na aulizwe maneno machache tu. Asirudiwerudiwe mbele ya kamati. Kila anaporudia mbele ya wanaume waliokunja nyuso anaumizwa upya, na maelezo yanachafuka. Asiogeshwe. Nguo zisifuliwe, zitiwe ndani ya karatasi safi au kitambaa safi, si mfuko wa plastiki, maana plastiki huziozesha. Apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja kwa walio mjini, Chake Chake kwa walio Pemba, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha wako pahala pamoja. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Kamati ya wazee wetu ilikutana siku ya tisa.

Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Dawati la jinsia na watoto liko polisi. Nimeingia makanisa mengi ya Unguja kwa semina na matamasha ya kwaya, na kila nikifika husimama kwenye ubao wa matangazo. Namba ya kutumia sadaka kwa simu ipo, imeandikwa kwa wino mwekundu. Ratiba ya usafi ipo. Namba 116 sijaiona hata pahala pamoja.

Msituambie hamna mwongozo. Kwa Wakatoliki, Papa Fransisko alitoa amri Mei 2019, ikathibitishwa kuwa ya kudumu mwaka 2023: kila jimbo liwe na mlango unaojulikana wa kupeleka malalamiko, padri na mtawa anayejua awajibike kusema, na askofu anayefunika achunguzwe yeye mwenyewe. Kwa Waanglikana, baraza lao la dunia lilipokutana Auckland mwaka 2012 lilipitisha hati ya usalama wa watu ndani ya makanisa. Karatasi zipo. Zishushwe kutoka kabatini kwa askofu, ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa kikapu anaweza kukisoma, zisomwe kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye vikundi vya akina mama.

Kwa makanisa yetu ya kiroho, yale yaliyoanzia sebuleni kwa mtu na sasa yana turubai na vipaza sauti, nina hofu kubwa zaidi. Mwanzilishi ndiye askofu, mkewe ndiye mhazini, shemeji ndiye katibu. Mtoto akiumizwa na mwanzilishi, rufaa inakwenda kwa nani? Wabaptisti wa Kusini nchini Marekani, ambao kila kanisa lao linajitegemea, walikuwa wakisema hawawezi kufanya kitu kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2022 uchunguzi ukaonyesha kwamba ofisi yao kuu ilikuwa ikitunza kwa siri orodha ya watuhumiwa yenye zaidi ya majina 700. Muungane angalau kwa hili moja. Chagueni watu wa kupokea malalamiko ambao hawali sahani moja na mchungaji: muuguzi mstaafu, mwanasheria, mwalimu, na wawe wanawake si pungufu ya nusu. Wakiwemo wasio wa kanisa lenu, bora zaidi.

Na pesa. Tunafanya harambee ya gari la mchungaji, tunamaliza siku moja. Familia ya Wete inayotakiwa kumfikisha mtoto kwa daktari au mahakamani mara nne, mara tano, haina nauli, baba anapoteza siku za kazi, mara ya tatu hawendi, na kesi inafutwa kwa kukosa mashahidi. Kanisa lililokuwa na nauli ya kumvusha mkosaji likose nauli ya kumvusha shahidi? Wekeni fungu hilo kwenye bajeti kama mnavyoweka la umeme.

Juu ya msamaha nitasema kidogo, kwa kuwa najua ndiyo hoja mtakayomalizia. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Hautolewi na kamati kwa niaba yake, na hauandikiwi karatasi. Akitaka kusamehe, atasamehe kwa wakati wake, na mkosaji bado atajibu kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na bado hatarudi madhabahuni. Mwizi wa sadaka aliyesamehewa hatumrudishii funguo za sanduku.

Nilipata kuwapeleka wageni Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, msingi ukawekwa mwaka ule ule wa 1873 soko lilipofungwa. Simulizi husema madhabahu imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watu. Nje kuna shimo lenye sanamu tano, zimefungwa minyororo shingoni. Wageni hushuka, hunyamaza, wengine hulia. Siku ile nilisimama pembeni nikawaza: waliolijenga kanisa hili walisema mwili wa mtu hautachukuliwa tena kwa nguvu juu ya udongo huu. Sisi wajukuu zao, wa madhehebu yote, tulipewa neno hilo tulitunze. Nami nilikuwa nimeimba.

Yule msichana sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili. Kanisani haingii. Akipita na mizigo yake ya sokoni huvuka upande wa pili wa barabara, hata mvua ikinyesha. Kabla ya kuandika barua hii nilikwenda kwake, nikakaa barazani, nikamwambia ninachotaka kufanya. Alinyamaza kwa muda mrefu, anachambua mchele. Kisha akasema: "Andika, mwalimu. Jina langu usiliweke. Na usiandike kwamba nimesamehe, maana sijaulizwa."

Mtumishi yule aliondoka Pemba baada ya miaka miwili, kwa barua nyingine nzuri ya utambulisho. Sijui watoto wangapi aliwaacha nyuma kule, na hakuna kati yetu aliyekwenda kuwauliza. Wakati wa kwenda kuwauliza bado upo. Nauli yangu nitajilipia. Naomba tu mmoja wenu tufuatane, maana mimi peke yangu nitaonekana mama mmbea.

Nimekwishaandika namba 116 kwa kalamu nene juu ya karatasi 20, na chini yake maneno "usioge, usifue nguo, nenda Mkono kwa Mkono". Jumapili hii ya kwanza naomba ruhusa ya kubandika moja kanisani kwetu, karibu na ile namba ya sadaka. Zilizobaki, atakayehitaji anitumie mtu, nitampa.

Ni mimi mtoto wenu katika Bwana,

Mama wa watoto wa Jumapili,
Unguja